Nani Atacheza Yuda?

Watu wengi wanatuuliza: mchezo wa teatro unatengenezwa namna gani? Vijana wa parokia za jirani wanakuja kwetu, wanaomba tuwaazime joho la Pilato na panga za mbao za askari, kiisha wanataka kurudi kwao mbio. Wanazani kwamba mwenye kuazima sufuria amekwisha kula. Sisi tunawaambia: Kaeni kwanza. Nguo tutawapa, lakini nguo ni jambo la mwisho.

Sisi ni walimu wawili na katekista mmoja wa parokia moja kando ya Ziwa Tanganyika. Kwa miaka mitatu tumecheza Mateso ya Bwana wetu Yezu Kristu, Jumapili ya Matawi, saa tisa ya mchana. Hatukujifunza kazi hii katika shule kubwa. Tulijifunza kwa kukosa. Leo tunataka kuwaelezea makosa yetu, yale ya kuchekesha na lile moja ambalo halichekeshi hata kidogo.

Mwaka wa kwanza tulianza na nguo. Tuliomba mashuka kwa mama wa shirika, tukapaka kofia za askari rangi, tukasuka taji la miiba. Majuma mawili yalipita katika kazi ya sindano. Maneno tulijifunza siku tatu tu. Siku yenyewe tuliweka jukwaa mbele ya mlango wa kanisa, kwa sababu tuliona ni pahali pa heshima. Kumbe watazamaji walielekea magharibi, na jua la mchana liliwapiga machoni. Upepo wa ziwa ulibeba maneno, ukayapeleka mashambani. Kayafa aliwapa watu mgongo tangu mwanzo mpaka mwisho, maana aliona haya.

Halafu ikafika habari ya jogoo. Tulikuwa tumemficha mtoto mmoja nyuma ya ngoma kubwa, tukamwambia: Petro akimkana Bwana mara ya tatu, wewe wika. Lakini kule nyuma ya ngoma mtoto hakusikia kitu. Petro alipokana mara ya kwanza, jogoo akawika. Petro akageuka, akaitazama ngoma, akasema kwa sauti kubwa: «Bado!» Siku ile lile ndilo neno moja tu lililosikiwa na watu wote. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Bwana wetu alikufa msalabani, nao bado wanapangusa machozi ya kucheka.

Jioni tulikaa kimya katika chumba cha katekisimu. Baba Paroko hakutugombeza. Alisema tu: «Mmewavika watu nguo, lakini mchezo wenyewe mmeuacha uchi.» Neno lile tulilishika.

Aristoteli, yule mwenye hekima wa Wagiriki wa zamani, alihesabu sehemu 6 za mchezo: hadisi, tabia za watu, mawazo yao, maneno, nyimbo, na mwisho mambo ya kutazama kwa macho. Hadisi aliiita roho ya mchezo. Mambo ya macho aliyaweka nyuma. Sisi tulikuwa tumeshika mkia, tukafikiri ni kichwa. Mwaka wa pili tukaanza upya, kwa utaratibu.

Jambo la kwanza ni hadisi. Hadisi inayofaa kuchezwa sherti iwe na mtu anayetaka kitu, na kitu kingine kinachomzuia. Pilato anataka kumfungua Yezu, lakini anaogopa makelele ya watu. Petro anampenda Bwana, lakini anaogopa kijakazi mmoja mlangoni. Pale wanaposhindana hofu na upendo, pale ndipo mchezo ulipo. Kama hakuna mashindano, hiyo ni hotuba iliyovaa kanzu, na watu watasinzia.

Jambo la pili ni maneno. Wengine huandika kila neno, wengine sivyo. Kule Lubumbashi kundi la Mufwankolo lilijulikana miaka mingi kwa michezo yake ya Kiswahili katika radio na televisheni. Wao walipatana kwanza juu ya hadisi na sehemu zake, kiisha kila mchezaji alitafuta maneno yake mwenyewe katika mazoezi. Mwaka wa 1986 walitengeneza mchezo mzima kutoka neno moja la wazee, kwamba ukubwa huliwa mzima. Sisi tulifuata njia zote mbili. Maneno ya Bwana wetu tuliyaacha kama yalivyo katika Evanjili, bila kuongeza hata moja. Lakini wanawake wa Yeruzalemu, askari na wachuuzi wa hekaluni tuliwaachia waseme kama watu wanavyosema sokoni kwetu. Hapo mchezo ukaanza kupumua.

Jambo la tatu ni pahali. Tuliacha mlango wa kanisa, tukaenda kwenye ukuta mrefu wa shule. Ukuta ule unazuia upepo, tena unarudisha sauti kwa watazamaji. Mabenchi tuliyapanga ili jua liwe mgongoni mwa watu na usoni mwa wachezaji. Hatukulipa hata franka moja kwa badiliko hili, na lilitusaidia kuliko mashuka yote ya mama wetu.

Jambo la nne ni sauti. Mchezaji hasemi na mwenzake tu, anasema na bibi mzee aliyeketi benchi la mwisho. Basi wakati wa mazoezi tulimweka mmoja wetu mbali, chini ya mwembe, na fimbo mkononi. Neno lisilomfikia, aliinua fimbo, na mchezaji alirudia. Tuliona tena jambo moja la lugha yetu. Katika Kiswahili ndiyo na hapana hukaa mara nyingi katika silabi ndogo ya mwanzo. Petro akisema «Simjui», na ile «si» akaimeza kwa haraka, watu wa nyuma hawajui tena kama amekana au amekiri. Zambi yote ya Petro imo katika silabi ile moja! Tulimfundisha aitoe polepole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni.

Jambo la tano ni kutembea na kutulia. Hapa Kanisa lenyewe lina elimu ya zamani. Karibu mwaka wa 970, Askofu Ethelwold wa Winchester, katika Uingereza, aliwaandikia wamonaki kanuni zao, na ndani yake aliweka namna ya kuonyesha habari ya Pasaka wakati wa sala ya usiku. Mmonaki mmoja avae alba, aende kaburini kwa siri, aketi kimya na tawi mkononi. Wengine watatu wavae makapa, washike vyetezo, waje hatua kwa hatua, kama watu wanaotafuta kitu. Kiisha waonyeshe sanda tupu, kwa maana Bwana amefufuka. Tazameni, wasomaji: hakuna taa za rangi, hakuna jukwaa refu. Kuna watu wanne na namna ya kutembea. «Kama watu wanaotafuta kitu» ni shauri linalotosha kumfundisha mchezaji mwezi mzima. Mtu akijua anatafuta nini, miguu yake itajua njia.

Jambo la sita ni nguo na vyombo, na hapo vichache vinatosha. Baba Mtakatifu Yoane Paulo wa Pili, aliyefika katika inchi yetu mwaka wa 1980 na 1985, alikuwa mchezaji wa teatro katika ujana wake. Mwaka wa 1941, katika mji wa Kraków, Wajerumani walipokuwa wamewakataza Wapolandi teatro yao, yeye na wenzake wachache, wakiongozwa na Mieczysław Kotlarczyk, walicheza kwa siri katika nyumba za watu. Hawakuwa na jukwaa wala mavazi mengi. Walikuwa na neno, lililosemwa vizuri. Kama neno liliweza kuishi katika chumba kilichofungwa, na hatari ikipita barabarani, litashindwaje katika kiwanja chetu cha shule?

Jambo la saba ni mazoezi. Tulifanya siku tatu za kila juma, majuma sita, kiisha kazi za shamba. Tulimweka mkumbushaji mmoja, aliyekaa pembeni na kitabu, kazi yake kunong'ona neno likipotea. Jogoo wetu tulimtoa nyuma ya ngoma, tukamweka pahali anapomwona Petro kwa macho. Alipewa alama: Petro akifunika uso kwa joho, ndipo awike.

Basi mambo saba yalikuwa tayari. Tulizani tumemaliza. Swali moja lilibaki, nalo tulilichukua kama jambo dogo: nani atacheza Yuda?

Kila mtu alikataa. Mmoja alisema mke wake ana mimba. Mwingine alisema jina lake la ubatizo ni Yuda Tadei, watu watachanganya. Mwishowe tulimwendea fundi seremala wa parokia, mtu mpole, asiyesema sana, yule aliyetuchongea msalaba. Tulimsihi. Alitazama chini, akasema: «Kama hakuna mwingine, na mchezo hauwezekani bila yeye, nitakubali.» Tulifurahi sana, tukarudi nyumbani tukimsifu. Hatukuuliza neno lingine.

Naye alicheza, wasomaji, alicheza kupita sisi wote! Alipohesabu vipande makumi tatu vya feza, alivihesabu polepole, kimoja kimoja, na kiwanja chote kilinyamaza. Alipombusu Bwana wetu, mama mmoja alipiga ukelele. Jogoo aliwika saa yake. Petro alilia, na watu walilia naye. Jioni Baba Paroko alitushika mikono. Tuliona tumeshinda.

Juma lile lile watoto walianza kumfuata fundi njiani: «Yuda! Yuda!» Tulicheka. Tulisema ni alama ya mchezaji mzuri. Sokoni mwuza samaki alimrudishia feza zake, akasema: «Hesabu vizuri, baba, zisiwe makumi tatu.» Watu walicheka, naye alicheka kidogo. Hatukuona kwamba kicheko chake kilikuwa kinapungua.

Kiisha Pasaka parokia ilikusanya feza za mabati ya kanisa. Fundi alikuwa mmoja wa wale wanaobeba vikapu, maana aliifanya kazi hiyo miaka mingi. Feza zilipohesabiwa hazikutimia. Hakuna mtu aliyesimama kumshitaki. Lakini kisimani neno lilisikika: «Yuda ndiye aliyeshika mfuko.» Mnajua Evanjili ya Yoane inasema kwamba Yuda alishika mfuko wa feza na kuiba ndani yake. Watu waliokuwa wameisahau katekisimu yote walikumbuka neno lile moja. Msomaji, tumeishi katika vita, tunajua katika upande huu wa Kongo jina la msaliti ni jina gani. Linaanza kwa mzaha, na halirudi lilikotoka.

Fundi aliacha kuja barazani. Kiisha aliacha kubeba kikapu. Jumapili moja hatukumwona katika Misa. Jioni mke wake alifika kwetu, akakataa kiti. Alisema: «Ninyi walimu, mlimchukua mume wangu kwangu akiwa fundi. Mkanirudishia Yuda. Nguo mlizirudisha kwa wenyewe. Na hili jina, mtalirudisha kwa nani?»

Hatukuwa na jibu. Usiku ule hatukulala vizuri.

Baada ya siku chache feza zilionekana. Shirika moja la kule mlimani lilikuwa halijaleta mchango wake, likingoja wenzao wamalize, na mwandishi alikuwa amekwisha kuuandika kana kwamba umefika. Hapakuwa na mwizi yeyote. Watu walisema «Mungu asifiwe» wakaenda zao. Lakini kwa fundi hakuna aliyekwenda. Ni rahisi kusema feza zimeonekana. Kusema «Baba, tulikukosea» ni kazi ngumu. Basi sisi watatu tulikwenda, tukaketi chini katika vumbi la randa, tukamwomba razi. Alituitikia. Alitusamehe kwa kinywa. Moyo una saa zake.

Kiisha tulitafuta: tulikosa wapi? Tulipata kwamba tulifungua mchezo vizuri, hatukuufunga. Fundi alijinyonga nyuma ya ukuta, hakuonekana tena. Bwana alizikwa, ngoma ikalia, watu wakaenda. Hakuna aliyewaonyesha kwamba Yuda amevua joho, kwamba yeye ni ndugu yao yule yule aliyewatengenezea vitanda na milango. Watu walikwenda nyumbani na uso ule machoni.

Tukagundua kwamba kosa hili ni la zamani, na limepata wengine kabla yetu. Kule Ujerumani, katika kijiji cha Oberammergau, mwaka wa 1633 tauni iliua watu. Wanakijiji waliweka naziri mbele ya Mungu kwamba watacheza Mateso kila miaka 10. Walianza mwaka wa 1634, na hata sasa wanacheza. Zamu ya mwaka wa 2020 waliiahirisha mpaka 2022, kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mchezaji sherti awe mzaliwa wa kijiji, au awe amekaa kule miaka 20. Ni watu wa sala na wa kazi. Lakini kwa muda mrefu mchezo wao uliwaonyesha Wayahudi wote kama taifa la uovu, na watu waliondoka na chuki kwa jirani zao walio hai. Mwaka wa 1934 Hitler mwenyewe alikuja kuutazama, naye baadaye aliusifu kwa ajili ya chuki ile. Mwaka wa 1965 Mtaguso wa Vatikano ulifundisha wazi kwamba mateso ya Kristu hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule, wala juu ya Wayahudi wa leo. Polepole, na kwa mabishano, kijiji kilisahihisha maandishi yake. Basi hata mchezo uliozaliwa katika naziri unaweza kumjeruhi mtu asiye na kosa, kama wachezaji hawafikiri kwamba watazamaji watarudi nyumbani na kitu mkononi.

Hilo ndilo jambo la nane, na sasa tunaliweka mbele ya yote saba: kumchunga mtu anayevaa sura ya mwingine. Kabla ya kumpa mtu kazi ya mwovu, uliza nyumba yake. Uliza mke wake. Mwambie kundi zima litasimama naye. Tena usimpe mtu mmoja kazi ile kila mwaka, jina litamganda.

Mwaka wa tatu tuliamua kwamba Yuda atachezwa na mmoja wetu, wakubwa wa mchezo. Na mwisho tuliufanya upya. Kiisha maziko, ngoma ilinyamaza, wachezaji wote walitoka nyuma ya ukuta wakiwa wamevua mavazi, kila mtu na shati lake la Jumapili. Mmoja mmoja alisema jina lake, kazi yake, na mtaa wake. «Mimi nilicheza Pilato, mimi ni mvuvi.» «Mimi nilicheza Yuda. Mimi ni mwalimu wa watoto wenu.» Kiisha walipiga magoti pamoja, Petro, Yuda, askari na Kayafa, wakaomba: Bwana, utuhurumie. Watu nao walipiga magoti, bila kuambiwa. Maana ni nani kati yetu asiyekuwa na vipande vyake makumi tatu?

Watoto walijaribu kumwita mwalimu «Yuda» njiani. Mama zao waliwakataza upesi. Neno halikuota mizizi.

Na fundi? Tulikuwa tumemwomba acheze Simoni wa Kirene. Alisema: «Bado.» Alitutengenezea msalaba mwepesi zaidi, akakataa malipo, basi. Lakini siku ya mchezo tulimwona ameketi benchi la mwisho, na mke wake kando. Watu walipokwisha kutawanyika alikuja polepole kwetu. Tulingoja, roho juu.

Alisema: «Walimu, Yuda wenu hakusikika nyuma. Na feza alizihesabu mbio mno.»

Tulimwuliza kama mwaka ujao atakubali kusimama chini ya mwembe na ile fimbo, atufundishe sauti. Alifikiri kidogo. Kiisha alinyosha mkono, akaichukua fimbo, akaitazama kama seremala anavyotazama mti, akasema imepinda, atatuchongea nyingine.

Basi ninyi vijana mnaokuja kuazima joho la Pilato, tutawapa, na panga za mbao pia. Lakini kwanza mtatujibu swali letu: nani atacheza Yuda kwenu, na siku ya pili yake mtamfanyia nini?